Hita Plagi au Thermostart? Kuchagua Njia ya Kuwasha Trekta la Dizeli Kwenye Baridi

Katika nyanda za juu za Njombe na Makete, na kwa upande wa Kenya huko Kinangop, Timau na Mau Narok, trekta la dizeli lililofanya kazi vizuri hadi magharibi linaweza kukataa kabisa kuwaka alfajiri ya kesho yake. Stata inazunguka, moshi mweupe unachungulia kwenye bomba, betri inaanza kuchoka, na watu waliokuja kupakia viazi au mbao wamesimama wanasubiri. Njia za kuisaidia injini iwake katika hali hiyo ni nyingi: kuna hita plagi zinazokaa ndani ya kila silinda, kuna Thermostart inayokaa kwenye manifoldi ya hewa (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), kuna etha, kimiminika kinachoshika moto upesi, ya kupuliza kwenye njia ya hewa, kuna maji ya moto, na kuna kulivuta trekta mpaka lishtuke. Njia hizi hazilingani kwa gharama, kwa usalama wala kwa namna zinavyoiathiri injini, na wala haifai kuzichanganya ovyo, kwa sababu kila moja ina injini inayoifaa. Ulinganisho huu umekusudiwa mkulima anayetafuta trekta lililotumika, au ambaye tayari analo na anajiuliza fedha yake aianzishie wapi.

Kinachoizuia dizeli kuwaka

Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni huibana hewa mpaka ipate joto la kuwasha mafuta yanayorushwa na nozeli. Injini ikishapata moto, hewa iliyobanwa huzidi nyuzi 500 za Selsiasi, ilhali dizeli hujiwasha yenyewe kuanzia nyuzi 210 hivi. Nafasi iliyopo kati ya viwango hivyo viwili inaonekana kubwa, lakini asubuhi ya baridi hupunguzwa na mambo mengi kwa wakati mmoja: hewa huingia ikiwa baridi, chuma cha silinda hunyonya joto lake, oili iliyoganda huikaba injini isizunguke kwa kasi, na kadiri injini inavyozunguka polepole ndivyo hewa inavyopata muda wa kuvuja pembeni mwa ringi.

Mwinuko nao una sehemu yake, na jambo hili husahauliwa sana. Kwenye mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu tu ya ule wa pwani, kwa hiyo silinda hupata hewa pungufu hata kabla baridi haijahesabiwa. Ndiyo maana trekta lililonunuliwa Dar es Salaam au Mombasa, ambako liliwaka mara tu ufunguo ulipozungushwa, huonekana bovu likifikishwa milimani, ingawa halikuharibika chochote njiani.

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulijua, basi, ni kundi la injini yake. Kundi moja ni la injini ambazo nozeli hurusha mafuta kwenye chumba kidogo kilichochimbwa ndani ya silinda hedi (kifuniko cha chuma juu ya silinda), na moto ukaanzia humo kabla ya kuingia kwenye silinda. Chumba hicho kina kuta nyingi za chuma kuzunguka hewa kidogo, na kuta hizo hunyonya joto kwa haraka mno. Ingawa injini hizi hubana hewa kwa uwiano wa 20 hadi 23 kwa 1, bado haziwaki kwa urahisi bila hita plagi hata katika baridi ya kawaida tu. Matrekta mengi madogo ya Kubota na ya Kijapani kwa jumla yamo katika kundi hili. Kundi la pili ni la injini ambazo nozeli hurusha mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, kwa uwiano ulio kati ya 16 na 19 kwa 1. Perkins ya silinda 3 iliyomo ndani ya Massey Ferguson 135 ni mfano unaojulikana kila mahali, na ikiwa nzima huwaka yenyewe kwenye nyuzi 15 bila kupashwa joto na kitu chochote.

Jina lililoandikwa kwenye boneti halitoshi kukuonyesha kundi. Massey Ferguson 35 za mwanzo zilikuja na injini ya Standard ya silinda 4, ambayo ina chumba kidogo na hita plagi na inajulikana kwa ugumu wa kuwaka kwenye baridi, na baadaye zikaja na Perkins ya silinda 3 ambayo haina taabu hiyo. Matrekta hayo mawili yanafanana kwa umbo na huuzwa kwa jina lile lile, lakini kwa mtu wa Makete tofauti yake ni kubwa.

Hita plagi

Hita plagi ni kijiti cha chuma chenye waya wa joto ndani yake, kilichofungwa kwenye silinda hedi hadi ncha yake ikatokeza ndani ya chumba kidogo. Umeme ukipita, ncha hufikia nyuzi 850 hadi 1,000, na mafuta yanayopita karibu nayo huwaka hata kama hewa yenyewe haijapata joto linalotakiwa. Plagi za zamani zilihitaji sekunde 20 hadi 30 kufikia hapo. Nyingi za miaka ya karibuni huhitaji sekunde 5 hadi 10. Kwenye Kubota nyingi za zamani ufunguo huzungushwa upande wa kushoto na kushikiliwa hapo, na kwenye dashibodi kuna kidirisha kidogo chenye waya uliosokotwa, ambao huanza ukiwa mweusi, ukapata wekundu wa kufifia, kisha ukaiva kabisa. Hapo ndipo dereva huuzungusha ufunguo kulia hadi kwenye stata. Waya huo huonyesha afya ya mfumo mzima, kwa kuwa umeme wa plagi hupitia humo: usipoiva kabisa, umeme haufiki, ukichelewa kuliko ulivyozoeleka, huenda plagi moja imekufa, ukiiva haraka na kwa ukali usio wa kawaida, kuna shoti.

Uzuri wa hita plagi ni uhakika wake. Joto liko palepale mafuta yanapofikia, kila silinda ina lake, na injini iliyo nzima huwaka na kutulia bila kutetemeka sana wala kujaza uwanja moshi. Plagi zikiwa zimeungwa sambamba, moja ikifa nyingine huendelea. Trekta la silinda 3 litaanza na silinda 2, likitikisika na kutoa moshi mweupe kwa dakika moja au mbili hadi silinda ya tatu nayo ishike. Lakini zile za zamani zenye waya ulio wazi mara nyingi huungwa kwa mfululizo, na moja ikikatika zote huzimika.

Ubaya wake ni umeme na vipuri. Plagi moja hula ampea 8 hadi 15, kwa hiyo injini ya silinda 3 huweza kuchukua ampea 45 kabla stata haijaguswa, na betri iliyochoka huishiwa nguvu hapo hapo inapohitajika zaidi. Kuhusu vipuri, plagi ya badala lazima ilingane kwa urefu, kwa nyuzi za kufungia na kwa volti. Plagi ndefu kupita kiasi hukutana na mafuta au chuma mahali pasipostahili. Yenye volti ndogo ikiungwa moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 huungua kwa sekunde chache. Kwa matrekta madogo yaliyotumika Japani, ambayo baadhi ya modeli zake hazikuuzwa kamwe Afrika Mashariki na wakala yeyote, hili si jambo dogo, na ningemshauri kila anayenunua trekta la namna hiyo anunue seti nzima ya plagi za akiba siku ile ile.

Kuzipima hakuhitaji karakana. Fungua bamba linaloziunganisha, weka multimita kwenye omu, gusa kichwa cha plagi na chuma cha injini: nzima kwa kawaida husoma chini ya omu 2, na iliyokufa haisomi chochote. Kuzifungua ndiko kunakohitaji subira. Plagi iliyokaa miaka mingi hushikamana na kutu na masizi, na ikilazimishwa huvunjikia ndani, hapo silinda hedi nzima hushuka. Injini ipate moto kwanza, dawa ya kulegeza kutu inywe usiku kucha, na spana iende kwa mkono mwepesi. Ncha ikitoka imeliwa au imeyeyuka, kosa mara nyingi ni la nozeli inayochuruza mafuta badala ya kuyapuliza, na kuweka plagi mpya bila kushughulikia nozeli ni kuitoa nayo iungue.

Thermostart

Kifaa hiki cha kampuni ya CAV ya Uingereza hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Hakiko kwenye silinda bali kwenye manifoldi ya hewa, na ni kimoja kwa injini nzima. Ndani yake kuna waya wa joto unaozunguka vali ndogo. Vali ikipata joto hutanuka na kuachia dizeli kidogo idondoke juu ya waya huo, dizeli hugeuka mvuke, na stata inapoanza kuvuta hewa mvuke huo hushika moto. Injini basi humeza hewa iliyokwisha kupashwa na mwali wa kweli. Mafuta yake hutoka kwenye kikopo kidogo kinachojazwa na mafuta yanayorudi kutoka kwenye nozeli.

Mwendo wake ni wa subira kidogo. Ufunguo huwekwa kwenye nafasi ya joto, ambayo kwenye swichi nyingi imeandikwa H, kwa sekunde 15 hadi 20, kisha husogezwa hadi kwenye stata huku joto likiendelea. Wengi hukosea hapa: hupasha joto, hurudisha ufunguo nyuma, hupumzika kidogo, halafu hupiga stata, na kwa wakati huo waya umeshapoa na hakuna mwali. Ukiweka kiganja juu ya manifoldi karibu na kifaa, utahisi uvuguvugu kabla ya stata kuguswa, na stata ikianza utausikia mvumo mfupi wa moto ndani ya bomba. Uvuguvugu ukiwepo bila mvumo, mafuta hayafiki. Kikopo kikavu baada ya matengenezo ya pampu ndiyo sababu ya kawaida kabisa, na fundi mwangalifu hukijaza kwa mkono kabla ya kuondoka.

Tatizo la Thermostart katika matrekta yaliyotumika ni kwamba mara nyingi haipo. Waya umeng'olewa, kibomba cha mafuta kimezibwa kwa bolti, na mwenye trekta hajui kama limewahi kuwa na kifaa hicho, kwa kuwa limeishi tambarare maisha yake yote. Kuirudisha si gharama kubwa, kwani vipuri vya Massey Ferguson na Ford za zamani vinapatikana katika miji mingi. Kasoro nyingine ni vali inayovuja, ambayo huachia dizeli ndani ya manifoldi injini ikiwa imezima. Hiyo haifai kuvumiliwa hata siku moja.

Nikiziweka njia hizi mbili bega kwa bega, hita plagi hushinda kwa wepesi na kwa usafi wa kuwaka, na Thermostart hushinda kwa ulaji mdogo wa umeme, kwa kuwa na kipuri kimoja badala ya vitatu au vinne, na kwa kutohitaji kugusa silinda hedi hata siku ya kubadilishwa. Iliyo muhimu zaidi ni tofauti iliyo nyuma yake: injini yenye Thermostart, hata kifaa hicho kikifa, bado ina nafasi nzuri ya kuwaka jua likipanda kidogo, ilhali injini yenye chumba kidogo ikipoteza plagi zake huweza kugoma hata saa tano asubuhi. Kwa mkulima aliye mbali na mji, anayelima ekari nyingi juu ya mita 1,800, ningechagua injini ya kundi la pili yenye Thermostart iliyorudishwa ikafanya kazi. Kwa mwenye shamba dogo la mboga au viazi, anayehitaji trekta jepesi linalogeuka kwenye nafasi finyu, trekta dogo lenye hita plagi ni chaguo jema, mradi akubali kwamba betri yake haitakiwi kuwa ya kubahatisha.

Matrekta makubwa zaidi, hasa yenye injini za Cummins, huwa na wavu wa joto kwenye njia ya hewa. Hufanya kazi vizuri, lakini wavu huo huweza kuchukua ampea mia moja na kuzidi, hivyo ni wa kutegemewa pale tu betri na alternata ni nzima.

Etha na kitambaa cha moto

Etha hujiwasha kwenye nyuzi 160 hivi, chini kabisa ya dizeli, na ndiyo sababu injini iliyogoma saa nzima huitika kwa mpulizo mmoja. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayoifanya iwe hatari. Huwaka mapema mno, pistoni ikiwa bado inapanda, na kishindo kinachosikika ni pistoni kupigwa ikiwa njiani. Ringi huvunjika na kingo za pistoni humeguka. Ikikutana na hita plagi nyekundu, wavu wa joto au mwali wa Thermostart, huweza kulipuka ndani ya manifoldi mbele ya uso wa anayepuliza. Trekta lenye kifaa chochote cha joto lisipuliziwe etha kamwe. Na trekta linalotaka etha kila asubuhi lina kompresheni iliyochoka, yaani silinda hazibani hewa inavyotakiwa, na kila mpulizo unaizidisha uchovu.

Kitambaa kilicholowekwa petroli na kuwashwa mbele ya chujio la hewa, ambacho bado hutumika mahali pengi, kina hatari zile zile pamoja na ya kuvuta majivu na nyuzi ndani ya injini. Siwezi kukipendekeza kwa mtu yeyote.

Maji ya moto, hita ya bloku, na kulivuta

Kumwaga maji baridi yaliyolala kwenye rejeta na kuweka ya uvuguvugu ni msaada wa kweli, kwa sababu joto huenda kwenye kuta za silinda zenyewe. Maji yasiwe yanachemka, maana chuma cha bloku kilicho baridi huweza kupasuka, na mwenye kutumia dawa ya rejeta aikinge kwenye ndoo safi ili airudishe, la sivyo kutu itaanza. Hita ya bloku, inayopasha injini kwa umeme wa nyumbani, hufanya kazi hiyo hiyo bila taabu kwa saa moja au mbili, na huko Kanada na Ulaya ya kaskazini ni ya kawaida. Kwetu inamfaa aliye na umeme wa uhakika pale trekta linapolala. Jiko la mkaa chini ya sampu, yaani karai la oili la injini, ni jambo jingine. Chini ya trekta la zamani daima kuna oili na dizeli iliyochuruzika, na moto hauhitaji mwaliko.

Kulishusha trekta mteremkoni au kulivuta kwa jingine huwasha injini bila betri kabisa, na wapo wanaoegesha kilimani kila jioni kwa ajili hiyo. Gia iwe ya juu, kwani gia ndogo husimamisha magurudumu, na klachi iachiwe taratibu trekta likiwa limeshashika mwendo. Usukani wa haidroliki ni mzito injini ikiwa imezima, na mtu yeyote asisimame kati ya matrekta mawili wala pembeni mwa mnyororo. Matrekta ya kisasa ambayo gia zake huendeshwa kwa msukumo wa oili hayawashwi kwa njia hii hata kidogo.

Fedha ianzie wapi

Nimeona hita plagi nyingi zikilaumiwa bila kosa. Betri ya asidi kwenye nyuzi 0 hutoa karibu theluthi mbili tu ya nguvu inayotoa kwenye joto, wakati huo huo injini inadai nguvu zaidi. Injini inayozunguka chini ya mizunguko 150 kwa dakika haiwaki kwa urahisi hata plagi zikiwa nyekundu. Kwa hiyo kabla ya kununua plagi, pima betri iliyopumzika usiku kucha. Isome volti 12.6 hivi. Pima tena kwenye stata yenyewe inapozunguka: ikishuka chini ya volti 9.5, betri, nyaya au vichwa vya betri ndivyo vyenye shida. Waya wa athi uliounganishwa juu ya rangi na kutu ni ugonjwa wa matrekta mengi, na dawa yake ni msasa na spana.

Oili nayo ibadilishwe. Oili namba 40, inayopendwa na wengi kwa kuwa inaonekana nzito, inaifaa Morogoro kuliko Makete. 15W-40 huizungusha injini kwa wepesi zaidi asubuhi na haipungui kitu mchana.

Kisha tazama moshi stata ikizunguka. Moshi mweupe una maana kwamba mafuta yanafika lakini joto halitoshi, na hapo ndipo plagi, Thermostart au kompresheni hushukiwa. Pasipo moshi wowote, mafuta hayafiki: kuna hewa kwenye mabomba, chujio limeziba, au kamba ya kuzimia haikurudi mahali pake, na hakuna kupasha joto kutakakosaidia.

Anayenunua afike alfajiri, baada ya kumwomba muuzaji asiliwashe trekta kabla yake, na aguse bloku kwa mkono kabla ya salamu kuisha. Ikiwa ya moto, miadi ihamishiwe siku nyingine. Ikiwa baridi, aombe liwashwe kwanza kwa mfumo wake wa joto kama mtengenezaji alivyokusudia, asikilize kasi ya stata, ahesabu sekunde, na atazame kama moshi mweupe unakatika ndani ya dakika moja au mbili. Plagi zilizokufa au Thermostart iliyozibwa ni sababu ya kupunguziwa bei. Lakini moshi ukiendelea wakati plagi zote zimepimwa na kuonekana nzima, betri ina nguvu na stata inazunguka vizuri, kompresheni ipimwe kwa geji kabla ya fedha kutoka mfukoni, kwa kuwa hapo kinachouzwa ni trekta linalodai ringi, silinda na pistoni mpya.